Rangi ya Shingo ya Aguti

Aguti alipozikwa, watu walimwambia binti yake, Among, kwamba sasa apumzike. Walimwambia hivyo kwenye matanga, wakamwambia kisimani, wakamwambia hata njiani akiwa na mzigo wa kuni kichwani, kana kwamba kupumzika ni kitu kinachouzwa madukani Tororo naye amesahau tu kukinunua. Among aliitikia, "Asanteni," akaendelea na safari yake. Hakujua mtu huanzia wapi kupumzika. Mwili wake ulikuwa umezoea kuamka kila mama yake alipokohoa. Sasa hapakuwa na wa kukohoa, na mwili bado uliamka.

Nyumbani kwao kulikuwa pembeni ya njia iendayo Busia, mahali ambapo ukipanda juu ya kichuguu unauona Mwamba wa Tororo umesimama peke yake, kama kitu kilichosahauliwa na waliokuwa wakihama. Ilikuwa miaka ile ya hamsini. Bendera ya Mwingereza ilikuwa ingali juu ya ofisi ya DC, na malori ya pamba yalipita mchana kutwa yakielekea stesheni, yakiacha vumbi jekundu juu ya mihogo.

Among alikuwa ameolewa Paya, kwa mwanamume aitwaye Edeku, mkulima wa pamba na mtu mwenye ng'ombe wachache wazuri. Mama yake alipoanza kuvimba miguu, alimwomba Edeku ruhusa ya kwenda kumtazama kidogo tu, mpaka apate nafuu. Nafuu haikuja. Miguu ikavimba, tumbo likavimba, uso nao ukavimba. Walimpeleka hospitali akarudishwa, wakampeleka kwa mganga akarudishwa. Misimu ya kupalilia ikapita, na mingine ikapita. Edeku alituma watu. Kisha akaja mwenyewe kwa baiskeli, akasimama chini ya upenu wa jiko bila kuketi.

"Hapa pana mgonjwa," alisema, "na kwangu pana njaa. Mimi nifanye nini?"

"Fanya unavyoona," Among alimjibu. "Siwezi kumwacha."

Edeku aliisukuma baiskeli yake hadi barabarani kabla ya kuipanda, kama mtu anayeondoka msibani. Baada ya mavuno akaoa mke mwingine. Hawakuwa wamejaliwa mtoto, kwa hiyo mambo yalikwisha bila kesi ndefu. Waliomletea habari walitazamia alie. Alikuwa amechoka mno kulia. Aliwauliza tu kama njiani mvua imenyesha.

Katika boma lile alikuwamo pia baba yake, Ojangole. Alikuwa mzee mrefu, mkimya, ambaye maneno yake ya siku nzima yangeweza kuenea katika kiganja cha mkono. Muda wote wa ugonjwa ule alikaa upande wa ghala la wimbi, akisuka kamba. Jioni aliuliza, "Amekula?" Akiambiwa ndiyo alinyamaza, na akiambiwa hapana alinyamaza pia. Chumbani hakuingia. Mara kwa mara Among alimwita aje wasaidiane kumgeuza mgonjwa, maana Aguti alikuwa mzito kwa maji yaliyomjaa, na mzee alijibu, "Nakuja," asije. Among alijifunza kumgeuza mama yake peke yake, goti moja juu ya kitanda. Mgongo wake haukusahau kamwe.

Hilo la mgongo alilivumilia. Kitu ambacho hakukivumilia kilikuja baada ya mazishi. Aligundua kwamba akimkumbuka mama yake, uso uliokuja ni ule wa kitandani tu: wa manjano yaliyochanganyika na majivu, kope zimevimba, ngozi imevutika ikang'aa kama ya tunda lililoanza kuoza. Alijaribu kumwona akivuna wimbi. Mwili ulikuja, kisu kidogo cha kuvunia kikaja mkononi, hata lesu, ile kanga ya zamani yenye maua ya rangi ya machungwa, likaja. Lakini juu ya mwili ule wa mwanamke mzima ukakaa uso wa mgonjwa. Alijaribu kumwona akicheka harusini, ikawa vile vile. Mama yake wa miaka yote ya nyuma alikuwa ameliwa na yule wa mwisho.

Picha hapakuwa nayo. Palikuwa na Mhindi mmoja mjini Tororo aliyepiga watu picha mbele ya pazia, na kila mwaka Aguti alisema atakwenda mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha, kila mwaka.

Ndipo Among akamfikiria Nasifu.

Nasifu alikuwa fundi wa rangi mjini Tororo, Mwislamu, mtu wa makamo mwenye kifua kilichoharibiwa na harufu ya tapentaini. Ni yeye aliyeandika majina kwenye malori yaliyopita pale barabarani, na ni yeye aliyeandika SUKARI CHUMVI MAFUTA YA TAA juu ya milango ya maduka toka Rubongi mpaka Busia. Herufi zake zilikuwa nene, na kila moja ilikuwa na kivuli chembamba upande wa chini, ungedhani zimebandikwa. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati karibu na kituo cha malori. Among alimkuta akipaka ubao.

"Fundi, nataka unichoree mtu," alisema baada ya salamu.

"Mtu gani?"

"Mama yangu. Amekufa."

Nasifu aliweka brashi chini taratibu. "Pole sana, dada. Mungu amrehemu. Lakini mimi sichori kitu chenye roho. Dini yetu hairuhusu."

"Roho yake si imekwenda?"

Nasifu alimtazama kuona kama ni mzaha. Haukuwa mzaha. "Hata hivyo," alisema. "Mimi ni mtu wa herufi. Uso wa mtu sijui hata pa kuanzia."

Among hakubishana. Kubishana kunataka nguvu. Aliomba tu aketi kidogo kwenye benchi kivulini kabla ya kurudi nyumbani, kwa maana alikuwa ametembea. Aliketi, akaegemeza kichwa kwenye mlango wa kibanda, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mdomo wazi, mikono imelegea mapajani kama vitu visivyo na mwenyewe.

Mke wa Nasifu, Hadijah, alileta chai, akamkuta mumewe amesimama na brashi iliyokauka mkononi, anamwangalia mwanamke aliyelala.

"Vipi tena?" Hadijah aliuliza.

"Njoo uone shavu lake," Nasifu alinong'ona. "Lina kijani."

Lilikuwa na kijani kweli. Mlango wa kibanda ulikuwa umepakwa kijani, jua lilikuwa likiupiga sehemu yake ya juu, na mwanga wake ulirudi ukalala juu ya shavu la Among, chini ya mfupa, hafifu kama unyevu. Upande wa pili wa uso, uliotazama barabarani, ulikuwa mwekundu kwa ajili ya vumbi na udongo. Katikati, kwenye paji la uso, palikuwa na samawati kidogo ya anga. Nasifu alikuwa amefanya kazi ya rangi tangu ujana wake, akizitoa kwenye makopo, na kila kopo lilikuwa na rangi moja na jina moja. Hakuwahi kumtazama mtu mweusi namna hiyo, akaona kwamba weusi wake ulikuwa umekusanya rangi zote za mtaa.

"Anataka nimchore mama yake," alisema. "Nimemkatalia."

"Umemkatalia kwa nini?"

"Ni sura ya binadamu, mama."

Hadijah akamimina chai. "Na yule simba wa kwenye lori la Badiru, alichorwa na nani?"

"Simba yule hafanani na simba yeyote aliye hai," Nasifu alisema. "Hilo Mungu mwenyewe analijua."

Hadijah alicheka kimya kimya ili asimwamshe mgeni. Kisha akasema, "Mimi si shekhe. Lakini mtu aliyechoka hivi, ukimrudisha mikono mitupu, nalo pia utaulizwa." Akaingia ndani.

Among alipoamka, aliambiwa arudi wiki ijayo.

*

Walianza vibaya. Nasifu alipata kipande cha plaiwudi, akakipaka nyeupe, akachora uso kwa penseli akifuata maelezo na kumtazama Among mwenyewe, kwa kuwa watu wote walisema amefanana na mama yake. Kisha akafungua kopo la kahawia na kuujaza uso ule kwa mikono miwili mitatu ya brashi, safi kabisa, bila doa.

Among alitazama kwa muda mrefu. "Fundi, usikasirike," alisema. "Huyu ni mlango."

Nasifu hakukasirika. Alikuwa ameliona mwenyewe. Alichukua kitambaa akafuta, akakaa chini.

"Weka mkono wako hapa," alimwambia, akimwonyesha mlango wa kijani. "Karibu, usiuguse. Sasa angalia chini ya kidole gumba."

Among aliinama. Mwanzoni hakuona kitu. Aliona mkono wake tu, wenye mikwaruzo ya kuni. Kisha, polepole, kama vile macho yanavyozoea giza la nyumba, aliona rangi ya mlango ikitambaa kwenye nyama ya mkono.

"Tangu lini mimi nina kijani?"

"Tangu mlango huu ulipopakwa. Ukiondoka hapa, kinabaki mlangoni. Ukikaa jikoni unapata rangi nyingine. Ngozi inakopa." Nasifu alikohoa, akafuta mdomo. "Kwa hiyo nieleze mama yako alikaa wapi zaidi. Usiniambie alikuwa mweusi. Weusi haupo kwenye kopo."

Siku zile Among alikuja mjini kila alipoweza. Alileta karanga, au kuku, kwa kuwa Nasifu alisema hawezi kumtoza mtu pesa kwa kazi asiyoijua. Alikaa kwenye benchi akieleza, na Nasifu akachanganya rangi juu ya kipande cha kioo kilichovunjika. Alichanganya nyekundu na kijani akapata weusi uliokuwa na joto. Akatia tone la buluu, weusi ukapoa. Akatia manjano kidogo sana, ncha ya brashi tu, na weusi ule ukawa maji ya kunde. Among alishangaa kuona jinsi tone dogo linavyoweza kugeuza kitu kizima. Alianza kuona mambo hayo hata njiani. Wanaume waliopakia magunia stesheni walikuwa na migongo yenye zambarau. Mwanamke wa Kisamia aliyeuza samaki Busia alikuwa na vifundo vya vidole vilivyokaribia kuwa kijivu, lakini kijivu chenye uhai, si kile alichokijua yeye.

Hata hivyo uso ule kwenye ubao haukukubali. Kila Among alipoeleza, "Ongeza kidogo hapa, punguza pale," sura ilizidi kuwa ya manjano na majivu. Nasifu alifuata maneno yake kwa uaminifu, na siku moja alasiri wote wawili walirudi nyuma hatua chache wakatazama. Kwenye ubao alikuwa amelala mgonjwa.

Among aligeuza uso. "Ndiye huyo," alisema. "Ndiye huyo ninayemwona. Mimi najua rangi hii moja tu, fundi. Nimekaa nayo miaka. Hiyo nyingine imenitoka."

Nasifu alisafisha brashi zake moja baada ya nyingine. Yeye pia alionekana amechoka.

"Nani mwingine alimwona akiwa mzima?"

"Kaka yangu, lakini yuko Kisumu, kazi ya reli. Na baba."

"Basi mlete baba."

"Baba hasemi."

"Mlete tu. Hata akinyamaza tutamtumia."

*

Ojangole alikuja Tororo kwa lori la Badiru, amekaa juu ya marobota ya pamba, amevaa koti lake la matanga. Among alikuwa amemwambia kuna kazi mjini inayomhitaji. Mzee hakuuliza ni kazi gani. Alipoingia kibandani na kuuona ubao, alisimama. Nasifu alimpa benchi. Alikataa kuketi.

Mzee Ojangole alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kukataa. Alizungumza Kiteso, na Among akamgeuzia fundi kwa Kiswahili.

"Huyu nani?" mzee aliuliza.

"Ni mama. Tunamtafuta. Hatumpati."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, watu wakipiga kelele. Hatimaye aliinua mkono, akaonyesha kwa kidole mahali chini ya sikio la yule wa kwenye ubao.

"Shingo," alisema.

"Shingo ina nini?"

"Hamkuweka wekundu. Uso wake ulikuwa mweusi kwa sababu ya jua. Lakini hapa, toka chini ya sikio mpaka begani, ambapo lesu lilifunika, palikuwa na wekundu. Si wa damu." Alitafuta neno. "Wa mtama. Mtama ukiwa bado shambani, umeiva, haujakatwa."

Among alimgeuzia fundi. Nasifu alichovya nyekundu, akaipooza kwa kahawia, akagusa ubao. Mzee akatikisa kichwa. Nasifu akaongeza manjano.

"Kidogo," mzee alisema. "Umeuchoma. Uwe chini, chini kabisa, mtu asiuone kama hakukaa karibu."

Nasifu aliufifisha kwa kidole. Mzee hakusema ndiyo, lakini aliketi.

Kisha akaanza kusema. Alisema mdomo wa juu wa Aguti ulikuwa mweusi mtupu, na wa chini ulikuwa na alama ya waridi upande wa kushoto, ndogo, ambayo ilipanuka alipocheka. Alisema mafuta ya samli hayakukaa kwenye paji lake, yalinyweka upesi, kwa hiyo paji halikung'aa. Kilichong'aa kilikuwa mfupa wa shavu, na mng'ao wake haukuwa mweupe, ulikuwa na buluu, kama wa jembe jipya. Alisema chini ya macho alikuwa na kivuli hata alipokuwa msichana, hata siku alipopelekwa kwake na ndugu zake, na watu wakasema huyu ni mgonjwa, naye akajua si mgonjwa, ni rangi yake tu. Alisema haya yote akitazama ubao, sauti yake ikiwa ya chini na tambarare, kama mtu anayehesabu ng'ombe wake mwenyewe. Among aligeuza kila neno kwa Kiswahili.

Na uso ukatoka. Haukutoka wote; pua haikuwa yake, wala macho, maana macho Nasifu alikuwa ameyachukua kwa Among. Lakini rangi ya manjano ile ya kitandani iliondoka hatua kwa hatua, ikasukumwa na weusi wenye joto, na chini ya sikio shingo ikaja, hai, ikiwa na wekundu wake uliojificha. Among alipoiona shingo ile akakumbuka kitu ambacho hakukitafuta: yeye ni mtoto, amebebwa mgongoni, shavu lake limelala pale pale, na mama anatembea.

Akageuka kwa baba yake. Hakugeuza tena maneno kwa Kiswahili.

"Ulimtazama kiasi hiki," alisema. "Nami nilikuita uje tumgeuze."

Mzee aliangalia mikono yake.

"Nilikuita mara ngapi, baba?"

"Ulikuwa umekwenda kisimani," alisema mwishowe. "Siku moja. Nikaingia. Nikamwona. Rangi yake yote ilikuwa imeondoka. Naye akaniona ninavyomwangalia, akafunika uso wake kwa shuka. Nikatoka. Sikuweza kuingia tena."

"Na mimi? Mimi ningetoka niende wapi?"

Nasifu alikuwa ameacha kupaka. Hakujua Kiteso, lakini hakuna asiyejua sauti ya namna hiyo.

"Hukuwa na pa kwenda," Ojangole alisema. "Nilijua hivyo. Nilikuwa nasuka kamba nikijua."

Hakuomba msamaha, labda kwa kuwa hakujua unaombwaje kwa mtoto wa kike, na Among hakumpa. Lakini jambo lilikuwa limesemwa, nalo lilikuwa jambo ambalo Among alikuwa amelibeba peke yake muda wote ule akidhani ni yeye tu anayeliona.

"Anasema nini mzee?" Nasifu aliuliza kwa adabu.

"Anasema shingo imetosha," Among alijibu.

Jioni walirudi kwa lori lile lile. Kwenye kona ya Rubongi mzee alivua koti lake akamfunika bintiye magoti, kwa kuwa upepo ulikuwa baridi, na Among aliliacha likae.

*

Siku ya kumaliza matanga, kaka yake Among, Oluka, alifika kutoka Kisumu na viatu vya ngozi na shada la maua ya karatasi. Alikuwa hajafika nyumbani tangu ugonjwa ulipoanza. Kazi ya reli, alisema, haina ruhusa. Alikuta ubao umeegemezwa ukutani ndani ya nyumba ya baba, mahali panapopata mwanga wa mlangoni, na jamaa wamejazana mbele yake wakibishana. Shangazi mmoja alisema ndiye. Mwingine alisema Aguti hakuwa na macho hayo.

Oluka aliutazama. "Huyu si mama," alisema. "Huyu ni Among."

Watu wakacheka, kisha wakaangalia vizuri. Macho yalikuwa ya Among kweli: yale ya mtu aliyekesha. Nasifu alikuwa ameyachora alivyoyaona, pamoja na uzito wa kope, bila kujua kwamba yanasema kitu.

"Na kwa nini mmemfanya mweusi hivi?" Oluka aliendelea. "Kisumu yuko fundi anaweza kumng'arisha kidogo. Amvalishe na ushanga shingoni, aonekane mtu wa heshima. Nitauchukua nirudi nao."

"Hapana," Among alisema.

"Nitalipia mimi."

"Si hilo. Ushanga utafunika shingo."

Oluka hakuelewa. Alimtazama baba yake, akidhani mzee atakata shauri upande wake, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kiume. Ojangole alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akila tumbaku.

"Ondoka hapo mlangoni, umezuia mwanga," mzee alimwambia. "Halafu chuchumaa. Tazama hapa chini ya sikio."

Oluka alichuchumaa na suruali yake nzuri. Alitazama. Watu wakangoja. Mwanga uliingia kwa upande ukapita juu ya ubao, na ule wekundu wa chini chini ukaonekana, halafu wingu likapita nao ukajificha. Oluka alibaki amechuchumaa hata baada ya wingu. Alipoinuka alikwenda nje, nyuma ya ghala, na wote wakamsikia akilia kwa sauti kubwa kama mtoto. Hakusema tena habari ya Kisumu.

Jioni ile, wageni walipokwisha kupungua, alimfuata dada yake jikoni. "Ilikuwa vigumu?" aliuliza.

"Nini?"

"Kumwuguza."

Among alikuwa akisugua sufuria kwa majivu. Angeweza kumweleza yote, lakini yalikuwa mengi na mkono ulikuwa umekufa ganzi. "Ilikuwa ndefu," alisema.

Baada ya matanga Among hakukaa tena kijijini. Alipanga chumba Tororo, karibu na kituo cha malori, akaanza kupika chai na viazi asubuhi kwa madereva na wapakiaji. Haikuwa kazi nyepesi, na uchovu ule wa zamani haukuondoka. Ulikuwa umeingia mifupani ukafanya makao. Lakini usiku alikuwa anaanza kulala mpaka kunapambazuka. Uso wa kitandani ulikuja bado, si kila mara, na ulipokuja haukuja peke yake; ule mwingine ulisimama nyuma yake. Nasifu alikunywa chai pale kila siku bila kutozwa. Hakumchora mtu tena. Alisema mmoja ametosha kumtia wasiwasi mbele ya Mola wake. Ila Hadijah aliwaambia watu kwamba tangu siku zile mumewe huchelewa nyumbani, anasimama barabarani anaangalia nyuso za watu hadi anatukanwa.

Miaka michache ikapita, na Ojangole akaanza kuumwa. Ni yale yale: miguu kwanza. Safari hii Among alipanda treni mwenyewe hadi Kisumu, akamkuta kaka yake katika nyumba za reli, akamwambia akiwa bado amesimama mlangoni: "Zamu hii ni yako."

Oluka alianza kueleza mambo ya kazi na ruhusa. Dada yake alimsubiri amalize.

"Najua," alisema. "Mimi pia nilikuwa na mume."

Oluka alirudi nyumbani mwezi ule ule na mkewe. Kumgeuza mgonjwa alifundishwa na Among, goti moja juu ya kitanda, mkono mmoja chini ya bega.

Yeye mwenyewe alikuja Jumapili. Alimtoa baba yake nje, akamkalisha juani, upande wa mashariki wa nyumba, akaketi karibu naye bila kazi yoyote mkononi. Mzee alikuwa bado na rangi yake. Weusi wake ulikuwa mkavu, wenye kijivu cha mti wa zamani, na kwenye mikunjo ya shingo ulizama ukawa wa zambarau kabisa.

"Unatazama nini?" Ojangole aliuliza.

"Nakutazama tu, baba."

Mzee aliligeuza neno hilo kichwani kwa muda. "Basi sogea upande huu," alisema. "Huko una jua machoni."